Picha ya Henry Ossawa Tanner iliyochorwa na Thomas Eakins: maswali yanayoulizwa sana

Tuanze na msingi, hii picha ni ipi na nani kamchora nani?

Ni picha ya rangi za mafuta kwenye turubai, siyo kubwa, ina kama sentimita 61 kwa 51, yaani unaweza kuibeba kwapani ukatembea nayo. Aliyechora ni Thomas Eakins, mchoraji wa Philadelphia, Marekani, na aliyechorwa ni Henry Ossawa Tanner, mchoraji mwenzake ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Inawekwa kwenye mwaka 1897 hivi. Ni mwalimu mzungu amemchora mwanafunzi wake mweusi aliyekwenda zake Paris akatoboa, na hicho peke yake kwa Marekani ya miaka ile ni kitu cha kukufanya usimame uangalie.

Tanner ni nani? Mbona wengi hatumjui?

Amezaliwa Pittsburgh mwaka 1859, miaka miwili kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani. Baba yake Benjamin Tucker Tanner alikuwa mchungaji, baadaye akawa askofu wa kanisa la AME, kanisa lililoanzishwa na watu weusi wenyewe. Mama yake Sarah alizaliwa utumwani Virginia akatolewa kwa siri kupelekwa kaskazini. Hilo jina Ossawa nalo lina historia, limetoka Osawatomie, mji wa Kansas ambako John Brown alipigana na watetezi wa utumwa mwaka 1856, kwa hiyo mtoto amepewa siasa ya baba yake tangu siku ya kwanza.

Familia ikahamia Philadelphia, na akiwa na miaka kama 13 akipita na baba yake kwenye bustani ya Fairmount akamkuta mchoraji anachora mandhari hadharani, basi habari ikaishia hapo hapo, akaamua na yeye atakuwa mchoraji. Baba alijaribu kumuingiza kwenye biashara ya unga ila afya ikagoma. Mwisho wa yote ndiye mchoraji wa kwanza Mmarekani mweusi kupata jina kubwa kimataifa. Kwa nini wengi hatumjui ni kwa sababu historia ya sanaa tunayofundishwa ni ya majina yale yale sita saba, na mimi naona ni hasara kabisa.

Na huyu Eakins?

Amezaliwa 1844 Philadelphia, amefariki 1916 Philadelphia hapo hapo, katikati akaenda Paris kusoma kwa mchoraji Jean-Léon Gérôme, akapita Hispania kuangalia kazi za Velázquez na Ribera, wachoraji wa kale wa huko, akarudi nyumbani na msimamo mmoja ambao hakuubadilisha maisha yake yote: chora kilichopo. Kama mtu kachoka mchore kachoka, kama koti limekunjamana likunjamane. Picha yake maarufu kuliko zote ni The Gross Clinic ya 1875, inamuonyesha daktari wa upasuaji ana damu mkononi kabisa, watu wa wakati ule walishtuka.

Alichora zaidi ya picha 200 za watu, na nyingi hakuna aliyemlipa, alikuwa anawaomba watu mwenyewe wakae awachore. Sasa cha ajabu wengi wao hawakuzipenda! Walijiona wazee, wamechoka, wana mawazo. Mshairi Walt Whitman yeye alimuelewa, na alipochorwa alisema Eakins ndiye msanii pekee anayemjua anayeweza kujizuia asichore vile mtu anavyotakiwa kuonekana bali vile alivyo.

Ni kweli Eakins alimfundisha Tanner?

Kweli kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Tanner alikuwa mwanafunzi Pennsylvania Academy of the Fine Arts, na Eakins ndiye alikuwa anaendesha mafunzo pale. Shule nyingine wakati huo ulikuwa unakaa muda mrefu sana unachora masanamu ya plasta kwa penseli kabla hujaguswa na rangi, Eakins yeye anakupa brashi mapema, anakupeleka kuangalia maiti zikipasuliwa ujue msuli umekaa wapi, anatumia na kamera kusomesha, kwake yeye mwili wa mtu unausoma kama fundi anavyosoma injini.

Kuna kisa kimoja ambacho Tanner mwenyewe alikiandika mwaka 1909 na mimi nakirudia kila nikipata nafasi. Alikuwa ameanza kazi fulani darasani, ikatoka vizuri, pengine ndiyo nzuri kuliko zote alizowahi kufanya mpaka siku hiyo, Eakins akamsifia. Basi Tanner akaingiwa na woga, akaona akiigusa tena ataiharibu, siku zote zilizobaki za wiki hiyo zikapita hajafanya kitu cha maana. Eakins kurudi akachukia! Akamwambia ulikuwa unafanya nini muda wote huu, ishike uiboreshe au uiharibu, hakuna cha katikati. Tanner anasema maneno hayo yalimsaidia siku ile na siku zote zilizofuata. Ukiijua hii habari halafu ukarudi kuangalia picha, unaelewa kwamba mtu aliyeshika brashi na mtu aliyekaa kwenye kiti wote wawili wanajua hakuna atakayebembelezwa.

Kwani mwaka 1897 kulikuwa na nini?

Kwa Tanner ulikuwa mwaka wake. Picha yake ya kufufuliwa kwa Lazaro ilipata medali kwenye Salon ya Paris, yale maonyesho makubwa ambayo kila mchoraji duniani alikuwa anayaota, na serikali ya Ufaransa ikainunua. Leo iko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Mwaka huo huo tajiri Rodman Wanamaker akamlipia safari ya kwenda Misri na Palestina akaone kwa macho yake nchi za kwenye Biblia anazozichora.

Sasa weka hilo pembeni ya hali ya nyumbani. Mwezi Mei 1896 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson ilikuwa imeshahalalisha ubaguzi, mweusi na behewa lake mzungu na lake. Picha za watu weusi zilizokuwa zinasambaa magazetini na kwenye matangazo zilikuwa za kejeli, midomo mikubwa, macho yametoka, mtu anacheza na kuchekesha. Katikati ya uchafu wote huo Eakins anamkalisha Tanner na kumchora kama alivyomchora daktari, profesa au mwanasayansi yeyote wa Philadelphia. Hajamuongezea kitu na hajampunguzia, na ndiyo maana naiona ni picha ya heshima kubwa hata kama haina dhahabu wala pazia la hariri.

Mbona ina giza sana? Na mbona anaonekana hana furaha?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Ni kweli nyuma ni giza la kahawia, nguo nyeusi, ukiitazama haraka kwenye simu unaona kichwa tu kinaelea. Ila hebu iangalie taratibu. Mwanga umeshuka kwenye kipaji cha uso, pale juu kabisa ndipo palipo na uang'avu wa picha nzima, halafu unapungua ukishuka kwenye shavu na ndevu mpaka unamezwa na koti. Ngozi haijapakwa rangi moja ya kahawia kama wavivu wanavyofanya, kuna nyekundu ndani yake, kuna kijivu pale nuru inapogeuka, kuna njano kidogo. Eakins alikuwa amejifunza hiyo kwa Wahispania na kwa Rembrandt, mchoraji wa kale wa Uholanzi, unazima kila kitu ili macho ya mtazamaji yasiwe na pa kukimbilia zaidi ya uso.

Kuhusu furaha, kwanza kwenye picha za Eakins karibu hakuna anayecheka, siyo Tanner peke yake. Pili mimi sioni huzuni pale, naona mtu anawaza. Kichwa kimegeuka, macho yake hayako kwetu, yupo kwenye shughuli zake za ndani. Na hapo kuna jambo: mtu mweusi kwenye picha za enzi ile alikuwa anatakiwa afanye kitu kwa ajili yako, akuburudishe, akuhudumie, akusikitishe. Huyu hakufanyii chochote. Anafikiri mambo yake wewe unamsubiri.

Kwa nini hakumchora na brashi na rangi mkononi tujue ni msanii?

Wachoraji wengi wakichorana wanawekana na vifaa vya kazi, ni kweli. Hapa hakuna stendi ya kuchorea, hakuna turubai nyuma, hakuna kitu. Mimi naona Eakins aliona kazi ya uchoraji iko kichwani kabla ya kufika mkononi, ndiyo maana mwanga wote umeenda kwenye kipaji cha uso. Mtu mwingine anaweza kuona tofauti, sawa, ila hiyo ndiyo hisia inayonipata.

Eakins aliwahi kuchora watu weusi wengine?

Ndiyo, na hapa pana kitu kitamu. Mwaka 1878 alichora picha ya rangi za maji ambayo iko Metropolitan Museum, New York: mtoto mweusi anacheza dansi, kijana amekaa anapiga banjo, ala ya nyuzi kama gitaa, mzee amesimama anaangalia, na ukutani juu kuna kapicha kadogo ka Abraham Lincoln na mwanawe. Picha ya heshima, lakini bado ni watu weusi, muziki na kucheza, mada iliyokuwa inapendwa na wazungu.

Miaka kumi na mitano baadaye, 1893, Tanner akachora The Banjo Lesson. Banjo ni ile ile, lakini sasa hakuna anayecheza kwa ajili ya mtu. Mzee amekaa, mjukuu amesimama katikati ya magoti yake, mikono midogo inatafuta nyuzi, babu amemshikia shingo ya ala isimlemee, mwanga unaingia kutoka pande mbili. Ni somo. Ni elimu inapita kutoka kizazi hadi kizazi ndani ya nyumba maskini. Mwanafunzi kachukua mada ya aina ile ile aliyoigusa mwalimu akaipeleka mbele zaidi. Kwa hiyo picha ya 1897 inapochorwa, Eakins anamuangalia mtu ambaye kwenye jambo hilo ameshampita. Picha hiyo ya banjo iko kwenye makumbusho ya Hampton University, Virginia.

Nimesikia wanafunzi wenzake walimfanyia Tanner ukatili, ni kweli?

Kuna simulizi inayouma sana. Joseph Pennell, aliyesoma Pennsylvania Academy hiyo hiyo na baadaye akawa mchoraji maarufu, aliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba kulikuwa na mwanafunzi mweusi na usiku mmoja wakamtoa nje wakamfunga kwenye stendi yake ya kuchorea katikati ya barabara ya Broad wakamuacha hapo. Hakutaja jina, ila wanahistoria wengi wanaona ni Tanner. Kinachokera zaidi ni kwamba aliandika bila aibu, kama mtu anayesimulia michezo ya ujana.

Usije ukadhani basi shule yote ilikuwa hivyo na Eakins akiwemo, maana Tanner mwenyewe alimzungumzia mwalimu wake kwa shukrani. Lakini pia tusipambe. Ule ubaguzi ndio uliomtoa Marekani.

Kwa hiyo alikimbia?

Aliondoka. Kwanza alijaribu Atlanta mwaka 1889, akafungua studio ya picha za kamera, haikulipa. Askofu Joseph Hartzell na mkewe wakamsaidia, walipomfanyia maonyesho Cincinnati na picha hazinunuliwi wakazinunua wenyewe, na hela hiyo ndiyo iliyompeleka Ulaya mwanzoni mwa 1891. Alikuwa anaenda Roma! Akapita Paris mara moja tu akaona hapa hapa panatosha. Akasoma Académie Julian kwa Benjamin-Constant na Jean-Paul Laurens, akaoa mwaka 1899 Jessie Olssen, Mmarekani mzungu, ndoa ambayo kwenye majimbo mengi ya kwao wakati ule isingeruhusiwa kisheria, akaishi Ufaransa mpaka kifo chake mwaka 1937. Serikali ya Ufaransa ikampa nishani ya Légion d'honneur mwaka 1923. Vijana weusi wachoraji kutoka Marekani wakawa wanamfuata huko huko, Hale Woodruff ni mmoja wao.

Eakins mwenyewe si alifukuzwa kazi?

Ndiyo, mwaka 1886 alilazimishwa kujiuzulu uongozi wa ile academy, kosa lililotajwa ni kumvua mwanamume aliyekuwa anachorwa kile kitambaa cha mwisho mbele ya darasa lenye wanafunzi wa kike. Zipo na tuhuma nyingine nzito kuhusu mwenendo wake kwa wanafunzi na hata ndani ya ukoo wake, na wanaomuandika siku hizi hawazifichi, na mimi naona ni sawa zisifichwe. Ukipenda kazi yake huhitaji kumfanya malaika. Ila jua tu kwamba mwaka 1897 aliyekuwa anachora pale alikuwa ameshasukumwa pembeni na mji wake, wateja wachache, sifa zimepungua, wakati aliyekaa kwenye kiti anatoka kupewa medali Paris. Mambo yalikuwa yamegeuka.

Eakins alilipwa shilingi ngapi? Na leo picha ina thamani gani?

Picha nyingi za aina hii Eakins alichora kwa kupenda kwake, wala siyo oda. Haiuzwi, kwa hiyo bei hakuna. Ila kwa kulinganisha, ile The Gross Clinic ilinunuliwa kwa dola 200 mwaka 1878, na mwaka 2006 ilipotaka kuuzwa nje ya Philadelphia watu wa mji walichangishana ibaki, dola milioni 68.

Tanner naye alichora picha za watu?

Alichora, ingawa siyo nyingi. Itafute aliyomchora mama yake, ni ya 1897 hiyo hiyo, iko Philadelphia Museum of Art. Mama amekaa kiubavu kwenye kiti, mkono shavuni, mwanga laini umemwangukia, na shali imeshuka mpaka chini. Weka hizo mbili pembeni kwa pembeni kwenye skrini yako. Eakins amekaa karibu na mtu anamchimba, Tanner amerudi nyuma amemuachia mama yake nafasi ya kupumua. Aliyefundishwa na yule ndiye huyu, lakini mkono ni wake mwenyewe kabisa.

Kuna uhusiano wowote na Afrika?

Upo, wa kweli, ingawa ni wa kaskazini zaidi. Tanner alikwenda Misri, baadaye Algeria na Morocco, na milango na vichochoro vya Tangier alivichora mara nyingi, rangi ya bluu ya pale ndiyo iliyoingia kwenye kazi zake za uzeeni. Mwanamke wa kwenye picha yake ya Malaika kumtokea Maria, ya 1898, ni msichana wa kawaida wa Mashariki amekaa kwenye kitanda chake kisichotandikwa, na malaika ni mwanga tu, hana mabawa. Safari zile ndizo zilizomfundisha hivyo.

Picha ya Eakins nitaionea wapi?

The Hyde Collection, mji mdogo wa Glens Falls, jimbo la New York, kaskazini ya Albany. Ilikuwa nyumba ya familia iliyopata utajiri kwenye viwanda vya karatasi, Charlotte Hyde akaifanya makumbusho, kwa hiyo unaangalia kazi za sanaa ndani ya nyumba ya watu, na kuna Rembrandt humo humo. Wabongo na Wakenya mlioko New York, Boston na Montreal hamna kisingizio, ni mwendo wa gari tu. Kabla ya kwenda angalia kwanza kama iko ukutani, maana makumbusho huwa yanaazimana kazi.

Mimi siyo mtu wa sanaa, niitazame vipi?

Usianze na kusoma. Zima taa ya chumba, fungua picha kwa ukubwa wote, kaa nayo dakika kadhaa bila kufanya kingine. Fuata mwanga kuanzia kipaji cha uso kushuka. Halafu tafuta ukingo wa koti, jaribu kuona linaishia wapi na giza linaanzia wapi, utagundua sehemu nyingine ukingo haupo kabisa. Rudi usoni. Ukifika hapo maelezo yangu hutayahitaji sana.

Naruhusiwa kuiprinti niweke ukutani au nitumie darasani?

Eakins amefariki 1916, kwa hiyo haki miliki ya picha yenyewe imeshaisha zamani, printi, wafundishie watoto, iweke darasani. Tafuta faili kubwa, siyo skrinshoti. Na ukipeleka kwa mtu wa kuprinti mwambie asiongeze mwangaza, wengi wakiona picha nyeusi wanadhani imeharibika wanaipandisha, na hapo zile kahawia zote zinageuka kijivu na uso unakuwa bapa. Mwambie aiache na giza lake.